Kompyuta Iliyochelewa

Kabla ya kugusa kitufe chochote, fundi wa kompyuta wa ghala la korosho pale Mitwero hupangusa viganja vyake vya jasho kwenye suruali. Kompyuta ya pili ameipanga inakili ya kwanza kwa kuchelewa saa nzima, na bwana ghala haishi kumtania: "Fundi, hiyo yako bado imelala!" "Iache isinzie, mzee. Inayokimbia hunakili hata makosa." Juzi karani Dativa alifuta kwa bahati mbaya vipimo vya korosho za wakulima wote, akaangua kilio. Fundi akapangusa viganja, akachomoa waya uliounganisha kompyuta hizo mbili kabla kosa halijavuka, akafungua ile iliyochelewa. Wote walikuwemo, isipokuwa waliopimiwa saa ile ya mwisho. "Na hawa je?" Dativa akauliza. Magunia yao yalikuwa yameshapakiwa. Fundi akatoka mbio bila kupangusa kitu, akalizuia lori la mnunuzi kwa mikono miwili, na viganja vyake vilivyolowa vikaacha alama kwenye vumbi la boneti. "Shusheni, ndugu zangu. Tunapima upya."