Bi Mshahara na Shamba Lililolala

Jina la Bi Mshahara alipewa kwa kejeli, likamganda. Kabla ya hapo alikuwa mjane wa fundi seremala, mwanamke anayelima kipande kilichoteremka mpaka mtoni. Ardhi ilikuwa ya ukoo wa mumewe na hati hakuwa nayo. Alikuwa na jembe tu, na kwa watu wale jembe lilitosha: anayelima ndiye mwenye shamba, anayeacha kulima amejitoa mwenyewe.

Kisha serikali ikaleta mpango wa kulinda mto. Wenye mashamba ya kingoni waache kulima, majani na miti viote, na kila msimu walipwe kufidia mavuno. Bwana mazingira, kijana mpole asiyeishiwa matope viatuni, alimweleza yote akiwa amekaa kwenye kigoda jikoni kwake. Mjane aliuliza jambo moja tu: shamba litabaki kuwa lake? Kijana akacheka.

"Mama, utalipwa kwa sababu ni lako."

Akakubali. Majirani wakapata la kusema. Walibisha hodi asubuhi wakiuliza kama mheshimiwa ameamka au bado yuko kazini, kitandani. Alicheka nao. Malipo yalimsomesha binti yake, na yeye mwenyewe alianza kuona raha kuteremka kule jioni, kufukuza mbuzi wa watu na kutazama matete yalivyofunga kingo zilizokuwa zikimeguka kila masika.

Msimu wa tatu shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi pikipiki, akaita kikao cha ukoo sebuleni kwake. Alisema hana ugomvi na mtu. Aliuliza tu wazee wanaona nini pale mtoni. Baba mkubwa akajibu kwamba anaona pori. Mjane akasema si pori, ni shamba amelipumzisha, na serikali inajua.

"Shemeji," fundi akasema taratibu, "serikali inakulipa kwa sababu umewaonyesha pori. Sisi unatuonyesha shamba. Chagua moja."

Watu wakacheka, hata wifi yake aliyekuwa akimhurumia. Wakaamua kwamba mvua zikianza kabla hajalima, kipande kitakwenda kwa fundi.

Alifunga safari hadi ofisini kwa bwana mazingira. Kijana alimsikiliza akichezea kifuniko cha kalamu, kisha akasema mkataba unalinda mto, haulindi mwenye shamba. Mambo ya ukoo, wao hawayaingilii. Akilima, malipo yanakoma. Asipolima, watamlipa yeyote ambaye ukoo utamtambua.

"Hata kama ni shemeji yangu, na hajafanya chochote pale?"

"Hatakiwi kufanya chochote, mama. Ndiyo masharti."

Hapo ndipo alipoelewa. Fundi hakuwa na haja ya kulima. Alitaka pori lile lile, likiwa limekwisha kuota, na malipo yake.

Kesho yake aliteremka na panga na jembe. Alianza juu, akafyeka miche iliyomfika kifuani, aking'oa visiki kwa mikono pale jembe lilipogoma. Majirani walipita njiani, na hakuna aliyemtania. Siku ya pili shemeji alikuja na mikono yenye oili, akasimama katikati ya matuta mabichi, akatazama ukanda uliobaki chini.

"Mpaka majini," alisema. "Usibakize kichaka, wazee wasije wakaona pori tena."

Mjane aliinua mgongo, akajifuta jasho kwa ncha ya kanga.

"Sogea, shemeji. Umekanyaga shamba langu."

Fundi alitazama miguu yake, akasogea. Mjane akaingia kwenye matete, akayakata yote, pamoja na viota vilivyokuwa na makinda.