Mbwamwitu wa Mama na Majlisi ya Baba

Mama yangu ni mtoto wa mjini Unguja. Mbwa akipita upande huu wa njia, yeye huvuka upande wa pili. Siku hizi ana mapenzi na mbwamwitu. Kila Alhamisi jioni, nikifika shambani kwake nje ya Ibra, huku kwa Waarabu alikoolewa, kutoka Nizwa ninakosomesha, namkuta juu ya paa na darubini ya marehemu baba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu nyamaza kwanza, mume anarudi."

Mume ni dume la mbwamwitu. Yeye na jike lake wamechimba shimo kwenye ukingo wa wadi, lile bonde kavu nyuma ya mitende yetu. Nilitarajia jitu la kutisha, nikaona mnyama mwembamba wa rangi ya mchanga, masikio makubwa kuliko yanavyostahili kichwa chake. Masikio hayo ndiyo yanayompunguzia joto. Hawatembei makundi makubwa kama wenzao wa nchi za baridi, maana huku hakuna chakula cha kulisha ukoo mzima. Huwinda peke yao au wawili wawili, na mimi sijawasikia wakilia hata mara moja. Dume akifika, watoto humrukia na kumlamba mdomo, naye huinama akawacheulia nyama aliyoibeba tumboni toka mbali. Sina haya kusema kwamba nampenda mnyama huyu.

"Umeona?" mama husema. "Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa akituletea samaki kutoka Sur, lakini kichwa keshakila njiani."

Jirani yetu, bibi wa Kiarabu, mjane kama mama, hufuga mbuzi na kuwauza kwenye soko la wanawake la Jumatano. Mafuriko yalilibomoa zizi lake, mbuzi wakawa wanalala nje, na asubuhi moja akakuta mwanambuzi hayupo. Alikuja kwetu na hasira zake. Atatia sumu kwenye nyama, alisema kwa Kiarabu chake, aitupe wadini. Sheria inakataza, lakini nani angemwona? Sikuweza kumlaumu, mbuzi wale ndio riziki yake. Ila nilimwona dume akilini mwangu, kaibeba nyama ile tumboni, anaenda kuwacheulia wanawe.

"Wanao watakujengea zizi lini?" mama akamuuliza.

"Baada ya Idi, inshallah."

Mama akaingia ndani, akarudi na ufunguo wa majlisi. Chumba hicho ndimo baba alimokuwa akipokelea wageni wake wanaume, na tangu matanga yake yalipokwisha mama hakukanyaga humo. Hata kufagia alinituma mimi. Sasa akafungua, akaanza kukunja mazulia.

"Mama, mbuzi? Humu?"

"Baba yako kajenga kwa ajili ya wageni. Wallahi, wageni ndio hao."

Nilikasirika, wala sikuficha. Nikamwambia anakiharibu chumba pekee kilichobaki na harufu ya baba.

"Harufu hiyo ndiyo inayonifukuza mimi, mwanangu," akasema.

Nikashika ncha ya pili ya zulia.

Mbuzi walilala majlisini mpaka Idi ikapita. Kaka yangu alipokuja na watoto wake alipiga makelele, akaishia kufagia mavi. Sumu haikutupwa. Dume alipita uani kwa jirani, akanusa patupu, akarudi kwenye sungura na panya wake.

Zizi jipya lilipokwisha nilidhani mama atafunga mlango tena. Alhamisi iliyofuata sikumkuta juu ya paa. Alikuwa majlisini na jirani yake, wameegemea mito ya wanaume, birika la kahawa katikati yao, mlango wazi kuelekea wadi. Harufu ya mbuzi ilikuwa bado haijatoka. Darubini ilikuwa mikononi mwa jirani, uso kaukunja kwa wasiwasi.

"Leo mume kachelewa," aliniambia, hata salamu yangu hajaijibu.