Boga Lililonipa Firigisi

Juzi binti yangu alinipeleka Nairobi kwa siku yangu ya kuzaliwa. Nilidhani nitakalishwa mahali pazuri niletewe chai na keki kama mama wa heshima. Kumbe ananipeleka kucheza bolingi! Nikavuliwa viatu vyangu, nikavalishwa vya watu, nikaonyeshwa njia ndefu ya mbao yenye vigingi vimesimama kule mwisho, ati nibingirishe mpira mzito niviangushe.

"Mathe, chagua mpira wa uzani wako," kijana wa pale akaniambia.

Mipira ilikuwa imepangwa kwa namba. Binti yangu alikimbilia ule mwepesi kuliko yote. Mimi, hata kabla sijafikiri, nilikuwa nimeinua mmoja, nikauacha mkono uning'inie, nikalisikiliza bega langu.

"Mami, sasa unafanya nini? Si utupe tu!"

Sikiliza, rafiki yangu. Mwili ulikuwa Nairobi lakini mimi nilikuwa nimeshafika Kabuchai.

Sisi tuliishi Kitale, baba akiwa karani wa serikali, lakini Desemba ilikuwa ya Kabuchai kwa nyanya. Tulifuata chai ya maziwa yenye harufu ya moshi. Tulifuata mahindi yaliyoanikwa uani, ingawa kuku walitukimbiza kutwa nzima tukiyalinda. Tulifuata seveve, yale majani ya maboga, yaliyopikwa na maziwa mpaka yakalainika na ugali ukaisha kabla ya mboga. Na maboga yenyewe, jamani! Nyanya aliyarundika kando ya ghala, na kanuni yake ilikuwa moja tu: boga lililopasuka ndilo linalopikwa jioni.

Kanuni hiyo ndiyo iliyotuzalia mchezo. Tulisimamisha magunzi ya mahindi yaliyokwisha kupukuchuliwa, chini kabisa ya mteremko wa ua, karibu na ghala. Kisha kila mtu anabingirisha boga lake kutoka mlangoni. Ukiyaangusha magunzi yote, wewe ni mfalme mpaka kesho. Boga likipasuka hupigwi, unakula. Sijaona mchezo mwingine wenye haki kama huo.

Sasa nikwambie habari ya firigisi. Kwetu tunaiita imondo, na imondo ni ya mwenye boma. Kuku ataliwa mpaka mifupa ikwanguliwe, lakini imondo itatua kwenye sahani ya babu peke yake, naye ataitafuna polepole huku akitutazama, makusudi kabisa. Wavulana walijua siku yao itafika. Sisi wasichana tuliambiwa tukiila tutakuwa wakaidi na hakuna atakayetuoa. Mimi ukaidi nilikuwa nao tayari, kwa hivyo sikuona hasara yoyote. Niliitamani imondo ile kuliko nguo mpya ya Krismasi, na hapo sitanii.

Krismasi moja tulipotoka kanisani, babu alikuwa na furaha zake. Akakaa kwenye kiti chake, akatangaza, "Leo atakayeangusha yote, nampa imondo yangu."

Wavulana wakapiga kelele. Nikauliza, "Hata msichana, Babu?"

"Hata paka," akasema babu, na watu wakacheka.

Nyanya alikuwa jikoni ananyonyoa jogoo. Hakucheka. Alitoka akijifuta mikono kwenye leso, akanishika bega, akanipeleka kwenye rundo la maboga.

Wakati huo binamu yangu wa Saboti, mvulana wa majigambo, alikuwa amekwisha kuchagua. Alichagua kama mtu aliye soko la Chwele: boga kubwa kuliko yote, zito la kumtoa jasho, maana sokoni boga zito ndilo boga. Lakini lile la kula siyo lile la kubingirisha. Aliliachilia, likapiga mizunguko miwili mitatu, likalemea ubavu mmoja, likakata kona kuelekea jikoni na kugonga sufuria ya maji ya kunyonyolea. Puu! Likapasuka. Tukajua cha jioni.

Kaka yangu, kuona vile, akachukua kadogo. Kakaruka-ruka kama chura, kakaangusha gunzi la pembeni, basi.

Nyanya alinishikisha boga kwa kikonyo. "Acha mkono ulegee. Likikuvuta bega, liache. Ukisahau kwamba umelibeba, liache pia." Nililirudisha la kwanza, nikalirudisha la pili. La tatu lilitulia mkononi. Lilikuwa na kovu la kijani, sura mbaya, lakini bega lilinyamaza.

Nikaliachilia. Lilishuka bila haraka, likaingia katikati ya magunzi na kuyatawanya kabisa. Lakini moja, ole wangu, likaegemea mguu wa ghala.

"Halijaanguka!" wavulana wakapiga mayowe. Babu akainuka, akalikagua, akalizunguka. Nilimwona anavyoipenda imondo yake na machozi yakaanza kunilenga.

"Mzee," nyanya akaita kutoka jikoni alikokuwa amerudi, "wewe ukitoka kunywa busaa ukaegemea mlango hivyo, huwa umesimama?"

Ua mzima ulianguka kwa kicheko, babu wa kwanza. "Limeanguka," akasema. "Mpeni."

Mchana sahani ililetwa mbele yangu, imondo juu, ndogo, nyeusi-nyeusi. Nikaing'ata katikati. Ilikuwa ngumu, ikinyumbuka, tamu ya ajabu. Kisha nikamwona nyanya amesimama mlangoni na mwiko mkononi, nikampelekea nusu iliyobaki. Alimtazama babu. Babu akajifanya anatafuta chumvi. Nyanya akatia mdomoni, akatafuna, akatafuna, akameza.

"Kumbe ndiyo hii tu?" akasema. "Na vile nimewapikia miaka yote!"

Nilimpenda sana siku ile. Nampenda hata sasa, na hayupo. Babu pia hayupo. Ua ule umelimwa miwa mpaka palipokuwa na mlango, na Kitale firigisi zinauzwa kwa kilo, ununue ukale unavyotaka.

Ah, bolingi? Niliangusha vyote, bana. Kijana wa pale alipiga makofi. Tulipokaa kula nikamsimulia binti yangu habari yote, boga, magunzi na imondo ya babu. Akanisikiliza akila chipsi, halafu akakunja uso.

"Firigisi, Mami? Si ni nyama tu?"

Nilicheka mpaka watu wa meza ya pili wakageuka. Uso ulikuwa wake, lakini ile sauti niliwahi kuisikia mlangoni, Kabuchai, ikitoka kwa mtu aliyesubiri maisha yake yote kuuliza.