Mkuu wa Chuo Ameingia na Viatu

Wapendwa, leo mkuu wa chuo ameingia chumba cha kompyuta na viatu!

Na ni yeye alitufundisha kuvivua mlangoni, eti vumbi la Ruiru linaua mashine.

Nyuma yake walikuja wanaume wawili tusiowajua. Mmoja akachomoa waya wa kompyuta, mwenzetu Njoki akiwa bado anataipu.

"Ngai! Barua yangu!"

Yule mwanaume akaibeba kompyuta, akatoka nayo.

Mtihani wetu ni Jumatatu, na bila cheti siipati ile kazi ya ofisi kiwandani Thika. Nikajikaza nikamuuliza mkuu, "Mwalimu, mtihani tutafanyia hapa?"

"Mama Wanjiru, wewe omba Mungu tu," akasema, bila kunitazama.

Kuomba naomba kila siku. Lakini mtu huyo, tangu nimjue, hajawahi kumtaja Mungu.

Nyinyi mnaonaje?