Maana ya "Wakati ni Fedha"

Juzi katika soko la Kasongo, mpagazi aliyerudi na msafara wa Mwingereza alikuwa akitufundisha misemo ya bwana wake. Mvua ikizidi, Waingereza husema inanyesha paka na mbwa. Tukacheka mpaka muuza mawese akatua kibuyu chini.

"Na iko ingine," akasema. "Wakati ni fedha."

Mwanamke aliyekuwa akipanga chumvi akainua uso. Mumewe aliondoka na msafara uleule, hakurudi. "Hiyo ulijifunza siku gani, ndugu?"

Mpagazi akavua kofia, akaikunja mikononi. "Siku mume wako alipokufa, mama. Tuliomba tumuchimbie kaburi. Bwana akajibu hivyo."

"Maana yake nini?"

"Maana yake tulimufunika majani, tukajitwika mizigo."

Kasongo hatukawii kuokota maneno mapya. Leo nilisitasita kuchagua samaki, muuzaji akanihimiza kwa kicheko: "Wakati ni fedha, mzee!" Wote wakacheka. Kwenye mkeka wa jirani, yule mjane akavuta ushungi usoni, akaendelea kupima chumvi.