Mtoto Amebemendwa

Nilikuwa sebuleni nasahihisha insha za wanafunzi wangu, mlango wa jikoni ukiwa wazi nusu ili joto la mkaa linifikie, niliposikia mama mkwe akizungumza na mwanangu. Walikuwa na mazungumzo yao ya kila asubuhi, bibi akiongea na mjukuu akitoa vilio vyake vidogo vya kukubali, na lugha yao ilikuwa Kibena. Mimi ni Mpangwa wa Ludewa. Kibena nakisikia nusu, na nusu yenyewe ni ya salamu na chakula. Kwa hiyo sikuwa nasikiliza. Ndipo katikati ya Kibena kile likadondoka neno la Kiswahili, safi kabisa, na sauti ikapanda kidogo ili lisinipite.

"Bwana mkubwa, nani amekubemenda?"

Mtoto hakujibu. Alikuwa hajatimiza hata miezi mitano.

Wengi mnalijua neno hilo, ila nitalieleza kwa ajili ya vijana wanaodhani wazee wao hawakuwa na msamiati. Mtoto mchanga akikonda bila sababu ya kuonekana, akawa mnyonge, ngozi imelegea mapajani, watu husema amebemendwa. Maana yake wazazi hawakuweza kusubiri. Ama wamekaribiana mapema mno, ama mmoja wao ametoka nje ya ndoa kisha akarudi na kumbeba mtoto. Na mmoja huyo, katika maelezo yote niliyowahi kuyasikia, ni baba. Neno linamtazama mtoto lakini linamsema mtu mzima.

Na katika nyumba yetu pale kijijini Yakobi, mtu mzima wa kiume alikuwa mmoja.

Ni lazima niseme pia kwamba mama mkwe na mimi hatuzungumzi mambo ya maana ana kwa ana. Ndivyo adabu ilivyo. Hunisalimu akiwa ameangalia pembeni, nami nampisha mlangoni kama watu wanavyopisha lori la magogo. Tangu afike kutoka Kifanya kumsaidia binti yake kulea, kila alilotaka kuniambia lilipitia kwa mtoto. "Mwambie baba yako mkaa umekwisha." "Muulize baba yako, huko anakofundisha hakuna sabuni?" Mwanangu, ambaye hajui hata kushika kijiko, ndiye aliyekuwa msemaji wa nyumba. Nilikuwa nimeizoea hali hiyo, hata nikaipenda. Siku ile niliona ubaya wake: shitaka lililosomwa kwa mtoto mchanga, wewe baba huwezi kulijibu. Ungeanzia wapi?

Chanzo cha neno lile kilikuwa kliniki. Siku moja kabla, mke wangu na mimi tulikuwa tumempeleka mtoto kupimwa uzito, bibi akabaki nyumbani kwa sababu miguu ilikuwa inamsumbua. Jua lilikuwa limetoka, jambo la kushukuru kwa Njombe ya mwezi wa sita. Nilikuwa mwanamume peke yangu kwenye benchi.

"Babu, mpishe mama mtoto apite," muuguzi aliniambia.

"Mimi ndiye baba."

"Aaa! Hongera sana, mzee."

Mama aliyekaa nyuma yangu alicheka ndani ya kitenge chake. Nilichelewa kuoa, kwa sababu za kitaaluma kama nilivyozoea kuwaambia ndugu zangu, na taaluma imenilipa kwa mvi.

Mtoto alivuliwa nguo, akavishwa kile kisuruali cha kupimia na kuning'inizwa kwenye mizani. Alilia kwa haki. Muuguzi akaangalia mshale, akaangalia kadi, akarudi kwenye mshale.

"Ameshuka," alisema. "Mwezi uliopita alikuwa juu ya hapa. Ananyonya?"

"Usiku na mchana," mke wangu alisema.

"Anaharisha? Anakohoa?"

"Hapana."

"Mrudisheni baada ya wiki mbili. Na nyie wenyewe mlipima lini damu?"

Aliuliza kwa sauti ile ile ya kuuliza kama mtoto anakohoa, kwani ndiyo kazi yake. Lakini katika mkoa wetu, unaoongoza kwa UKIMWI, swali hilo likiulizwa, benchi zima hunyamaza. Tulisema tulipima wakati wa ujauzito, wote wawili, na tulikuwa salama. Akasema vizuri, tutarudia, ni utaratibu. Mama wa kitenge hakuwa anacheka tena. Alikuwa anajitahidi sana kuangalia ukutani.

Hapo tunafika Makambako. Nafundisha kwenye chuo kimoja huko. Naondoka nyumbani Jumanne asubuhi na kurudi Alhamisi jioni, na katikati nalala kwenye chumba nilichopanga nyuma ya duka la pembejeo. Makambako ni mji wa njia panda. Barabara ya kwenda Songea inaiacha hapo ile kuu ya Mbeya, na malori hulala hapo na madereva wake. Watu wengi wa pale ni wakulima na wafanyabiashara wanaolala mapema kama mimi, lakini mji una sifa yake, na sifa ya mji haiulizi kama wewe ni dereva au mwalimu wa stadi za mawasiliano. Mwanamume anayelala Makambako kila wiki, mtoto wake akikonda, hahitaji shahidi wa kumchongea.

Jioni ya siku ile ya neno, mke wangu alikuwa ananyonyesha. Alisema bila kuinua kichwa:

"Mama ameuliza unalala wapi Makambako."

"Na wewe unauliza?"

"Nimekuambia alichouliza mama."

Basi nilifanya ninachokifanya vizuri kuliko vyote. Nilitoa mhadhara. Nilieleza kwamba uzito wa mtoto unategemea lishe na maradhi. Kwamba neno lile liliwasaidia wahenga kupanga uzazi na si zaidi. Kwamba nchi hii ina vitabu. Nilikuwa na utangulizi, hoja tatu na hitimisho. Nilitembea kutoka dirishani hadi mlangoni kama niko mbele ya darasa.

"Umemaliza?" mke wangu aliuliza.

"Tukapime hata kesho, kama unataka."

"Tutapima. Lakini kile kipimo kinaangalia damu tu. Hakisemi mtu alikuwa wapi."

Tulipima. Majibu yalikuwa mazuri, kwa wote wawili na kwa mtoto. Nilidhani nyumba ingepumua. Haikupumua, kwa sababu mtoto alikuwa bado ni yule yule, na sasa kila mtu alikuwa anamwona amekonda. Hata mimi. Hasa mimi. Nilikuwa namwangalia vifundo vya mikono kila asubuhi na kusema moyoni jana vilikuwa vinene kuliko hivi. Alipolala nilimwekea mkono mbavuni nikizihesabu, nikapotea, nikaanza upya. Nimesoma chuo kikuu kwa kodi za wananchi na nilikuwa nahesabu mbavu za mtoto kwa vidole.

Kilichoniumiza zaidi kilikuwa Alhamisi. Zamani nikirudi, kabla sijavua viatu, nilikuwa napewa mtoto. Sasa nikinyoosha mikono, bibi alikuwa anamgeuzia upande wa pili.

"Njoo huku, bwana mkubwa. Baba yako ana vumbi la safari."

Nikaenda kuoga kwa maji yale ya Njombe yanayokata pumzi. Nikarudi nimevaa shati safi.

"Analala sasa. Mwambie baba yako asikuamshe."

Mtoto alikuwa ananitazama, macho wazi kama taa.

Ningeweza kugombana. Sikugombana, na sababu yake nitaisema ingawa hainipendezi: kuna sehemu yangu iliyoanza kuogopa. Sikuwa nimetoka na mwanamke yeyote, sikuwa nimefanya lolote, na bado nilikuwa nanawa mikono hadi viwiko kama daktari wa upasuaji kabla ya kumgusa mwanangu. Vipi kama mtu anaweza kumdhuru mtoto kwa uchovu tu, au kwa mawazo ya barabarani? Neno lile halikuhitaji niliamini. Lilihitaji tu mtoto aendelee kuwa mwepesi.

Siku ya kurudi kliniki ukungu ulikuwa mzito hata hatukuiona nyumba ya jirani. Bibi alisema safari hii anakwenda, miguu au bila miguu. Nadhani alitaka kusikia kwa masikio yake. Alimvalisha mtoto mwenyewe, na sikuingilia.

Muuguzi alikuwa yule yule. "Mvueni nguo zote," alisema.

"Zote?" Bibi alimkumbatia mtoto kwa mikono miwili. "Kwa ukungu huu? Mwanangu, unataka kuniulia mjukuu?"

"Ni dakika moja tu, bibi."

"Mbona mwenzako ule mwezi mwingine alikubali? Ilikuwa baridi hivi hivi. Nikamwambia huyu havuliwi hapa, atapata nimonia. Akasema haya, mpime hivyo hivyo."

Muuguzi aliweka kalamu chini. "Hivyo hivyo vipi?"

"Na nguo zake. Sweta, na koti hili, na suruali mbili, kofia, soksi. Na shali ndani."

Muuguzi aligeuka akamwangalia mke wangu. Mke wangu aliweka kiganja mdomoni. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa hajalala siku tatu wakati ule, na alichokumbuka cha kliniki ile ni benchi tu.

Mtoto alivuliwa, bibi akilalamika kwa kila kifungo. Muuguzi akachukua fungu lote la nguo, akalitia kwenye kisuruali cha kupimia na kulining'iniza. Mshale ulishuka kwa heshima. Lile koti peke yake, la mtumba, lenye manyoya hadi kwenye mfuko, lingemtosha mtoto wa kondoo.

"Bibi," muuguzi alisema, "ule mwezi mlipima duka la mitumba."

Benchi zima lilicheka. Mama mmoja alisema, "Basi na mimi wangu nimlete na blanketi, aongezeke," na wakacheka upya. Kisha mtoto akapimwa bila nguo. Alikuwa amepanda kutoka wiki mbili zilizopita. Si sana, muuguzi alisema, na tuendelee kumleta kila mwezi, lakini anapanda.

Bibi hakucheka. Alimvalisha mtoto kimya, kifungo baada ya kifungo. Nilikuwa nasubiri. Sijui nilikuwa nasubiri nini. Mama mkwe hawezi kumwomba radhi mkwe wake mbele ya watu, na sisi hatuna mahali pengine zaidi ya mbele ya watu. Tulipotoka getini alisimama, akamwambia mtoto, "Nenda kwa baba yako. Mgongo unaniuma," akamweka mikononi mwangu akiwa anaangalia miti ya upande wa pili wa barabara. Halafu akatangulia, kwa mwendo wa mtu ambaye mgongo haumsumbui kabisa.

Nilimbeba mwanangu na manyoya yake yote. Nilikuwa na furaha ya kipumbavu, na niliona kesi imefutwa. Nikaanza kuunda sentensi za kumchekesha mke wangu kuhusu sayansi na mavazi.

"Lakini hukujibu," alisema.

"Sikujibu nini?"

"Unalala wapi Makambako."

Nilicheka, kisha nikaona kwamba nilikuwa nacheka peke yangu. Nikamwambia: nyuma ya duka la pembejeo, chumba cha mwisho, mlango wa bluu, nasoma hadi saa tatu, nalala. Nilijisikia nikisema hivyo na ilisikika kama mtu aliyejiandaa. Kadiri nilivyoongeza maelezo, rangi ya pazia, harufu ya mbolea ukutani, ndivyo yalivyozidi kufanana na uongo.

"Hivi nyinyi wawili mlikuwa mnaamini kweli?" niliuliza.

"Mama aliamini. Mimi nilikuuliza, ukanipa somo."

Jumanne iliyofuata tulikwenda Makambako wote watatu, mimi, mke wangu na mtoto. Alisema tu kwamba shule imefungwa, naye ni mwalimu, kwa hiyo hana kisingizio cha kubaki. Mwenye nyumba alikuwa uani anaanika mahindi.

"Kamwene, mama. Mwalimu, leo umeleta wenyewe!"

"Kamwene. Kwani huwa analeta nani?" mke wangu aliuliza.

"Huyu?" Mama yule alicheka hadi akakaa. "Huyu huleta karatasi. Karatasi na mihogo ya kuchoma. Nilishamwambia, baba, utazeeka vibaya."

Nilimtazama mke wangu kwa ushindi. Alitabasamu kwa adabu. Tulipofunga mlango akasema kwa sauti ya chini, "Atasema nini? Wewe ni mpangaji wake."

Akasimama katikati ya chumba. Hapakuwa na mengi ya kuona: kitanda cha futi tatu na nusu, ndoo mbili, meza yenye insha zangu, shati moja kwenye msumari. Aliangalia kila kitu bila haraka, hata nyuma ya mlango, na mimi nilisimama kando na begi la nepi kama mtu anayekaguliwa mpakani. Alinusa hewa.

"Mbolea," alisema.

"Nilikuambia."

Alivua viatu, akalala kwa ubavu kwenye kile kitanda, akamweka mtoto kifuani, akajifunika blanketi langu. Mtoto alinyonya kwa kelele. Baada ya muda kelele zikapungua, zikaisha, na wote wawili walikuwa wamelala, mchana kweupe, usingizi ambao sikuwa nimemwona nao tangu ajifungue.

Niligeuza ndoo moja nikakaa juu yake. Nilitakiwa darasani, lakini mlango ulikuwa unalia ukifunguliwa. Nilimwangalia mke wangu usoni, nikitafuta kama huo ni usingizi wa mtu aliyeridhika au wa mtu aliyechoka tu, na sikuweza kujua. Nikanyoosha mkono, polepole, nikavuta insha ya juu kabisa, nikaanza kusahihisha magotini.