Injini Iliyobaki Kebirigo

Namshukuru Mungu aliyenifikisha umri huu na kuniachia meno machache ya kuchekea. Aliniona nilipokuwa kijana mwenye majivuno, akanivumilia. Kwa kuwa Yeye amenisamehe, sioni haya kusimulia.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na nilikuwa na gari. Lilikuwa gari la Kimarekani, pana kama kitanda cha harusi, nililouziwa kwa bei ya ng'ombe mmoja na Mzungu wa mashamba ya chai aliyekuwa akirudi kwao. Bei hiyo ilipaswa kunishtua, lakini sikushtuka. Injini ilikuwa imepasuka. Gari likawekwa karibu na Daraja Mbili, mjini Kisii, nyuma ya karakana ya rafiki yangu, fundi aliyetoka upande wa ziwani, na kuku wake wakawa wanataga kwenye kiti cha nyuma.

Hata hivyo nilikuwa nimewatangazia wakwe zangu kwamba binti yao angepanda mlima wa Nyanchwa hadi kanisani ndani ya gari langu mwenyewe. Mahari ilikuwa imeshatolewa. Harusi ilikuwa Jumapili ya wiki iliyofuata.

Ndipo fundi akasikia kuwa Kebirigo kuna injini kama ile, ya silinda nane, iliyotoka kwenye gari lililopinduka. Mzee mmoja wa kanisa aliifunga juu ya saruji, akaivalisha mkanda, ikawa inazungusha mashine yake ya kusaga. Sasa alitaka kuiuza kwa sababu ilikunywa petroli kuliko ng'ombe wake walivyokunywa maji.

Tulifika Ijumaa, saa nane mchana, na pikapu ya kukodi tuliyopewa kwa siku hiyo tu. Injini ilikuwa inanguruma. Fundi alinusa moshi, akachomoa kijiti cha kupimia oili, kisha akaegemeza bisibisi kwenye chuma na mpini wake sikioni, kama daktari.

"Mwalimu," akaninong'oneza, "hii ni nzima. Usitabasamu, bei itapanda."

Tulipatana haraka. Lakini mzee akaweka sharti moja. "Mwanangu, leo ni siku ya maandalio. Watu wanasaga na kupika kabla Sabato haijaingia. Siwezi kumrudisha mama na mahindi yake. Mstari ukiisha, nazima, mnafungua, mnachukua. Jua likitua kabla, hakuna biashara."

Mstari ulikuwa na akina mama sita. Nikaketi juu ya gunia kwa utulivu wa mtu aliyeshinda.

Baada ya saa moja walikuwa kumi na mmoja. Habari zilikuwa zimefika sokoni kwamba kijana wa Kisii amekuja kung'oa mashine yao, na bila mashine hiyo wangebeba mahindi kichwani hadi mbali. Nikaanza kuzitazama sura. Mama mmoja mwenye leso ya kijani nilikuwa nimeshamwona mara mbili.

"Mama, si ulisaga tayari?"

"Nilisaga. Unga una chenga."

"Na huyu nyuma yako?"

"Huyo mume wake hana meno. Anasaga mara tatu. Wewe mwalimu, hukufundishwa huruma?"

Wakacheka wote. Nikamgeukia mzee. Alikuwa anatazama dari. Nikaamua kwenda kuizima injini mwenyewe, na nikafika karibu na mlango.

Hapo ndipo walipomleta mama mkwe wangu, kwa maana mchumba wangu alikuwa binti wa hapo hapo Kebirigo.

Kwetu, mkwe hamkaribii mama wa mke wake. Humtazami usoni, humpitii karibu. Ukimkuta njiani unaingia shambani mpaka apite. Heshima hiyo tunaiita chinsoni. Akina mama wale walimwekea kigoda mlangoni kabisa, katikati yangu na injini, wakamketisha na kikapu cha wimbi mapajani. Nikarudi nyuma hadi kwenye migomba, nikaupa mlango mgongo.

"Mzee," nikamsikia akisema, "mwambie mkwe wangu wimbi hili ni la harusi yake."

"Mzee," nikajibu nikiiambia migomba, "mwambie mama gari nalo ni la harusi."

"Mwambie wageni hawali gari."

"Mwambie niliahidi!"

"Mwambie mimi pia nimeahidi uji, watu mia mbili. Wimbi liko nyumbani magunia manne, na nitalileta hapa wiki nzima. Likiisha, achukue chuma chake."

Fundi alikuwa amekaa chini, anafuta machozi ya kicheko. Mimi niliomba. Shule ya Sabato ilinifundisha kwamba Mungu aliwahi kulisimamisha jua, nikamsihi alifanye tena, kwa nusu saa tu. Hakulisimamisha. Lilitua nyuma ya mikaratusi kwa haraka isiyo ya kawaida, mzee akazima injini, akavua kofia, akaanzisha wimbo wa kuikaribisha Sabato. Nikaimba pamoja nao, uso ukiwa kwenye migomba. Sauti ya tatu sikuimba vizuri.

Wiki ile nililala nikiona aibu mapema. Jumapili nikasimama mlangoni pa kanisa, Nyanchwa, nimevaa suti ya kuazima, nikingoja bibi harusi aje kwa miguu na watu waanze kuniuliza habari za gari.

Nikasikia nyimbo zinapanda kutoka bondeni. Kisha likatokea gari langu, limeoshwa, limefungwa maua, kuku wametolewa. Fundi ameshika usukani. Mchumba wangu ameketi nyuma, anacheka hadi shela limepinda. Na nyuma ya gari wanasukuma akina mama wa Kebirigo, kama ishirini, wenye jasho na vigelegele. Katikati yao niliona kitambaa cha kichwa ninachokifahamu, nikatazama chini upesi.

"Mwalimu!" fundi akapaza sauti. "Injini mpya! Hii haili petroli, inakula ugali!"

Mama wa leso ya kijani alijishika kiuno, akahema. "Usituzime kabla hatujafika mlangoni."

Uji siku ile ulikuwa laini, hauna chenga hata moja. Gari halikupata injini maisha yake yote, nalo lilitulelea kuku wengi.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu akubariki. Unga usikose nyumbani mwako, na kila mlima utakaoupanda akupe watu wa kukusukuma. Amina.